Mwalimu Sadiq na Kofia ya Kapteni

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti. Mwenye kazi mkononi aendelee nayo, maana kuchambua mchele hakuzuii masikio. Leo tunamkumbuka mtu mmoja wa Mengo. Jina lake Sadiq bin Bashir. Alikuwa mwalimu wa nasari, shule ya watoto wadogo. Narudia kwa aliyechelewa kufungua redio: mwanamume, mwalimu wa nasari, hapa Kampala, kwa zaidi ya miaka arobaini. Alifariki wiki iliyopita nyumbani kwake Kasubi.

Lakini sitaanza na kifo. Nitaanza na mvua.

Mwaka ni sabini na tano. Nchi iko mikononi mwa jeshi. Sukari haionekani, sabuni haionekani, na watu wamezoea kuongea kwa sauti ya chini. Sadiq ana miaka ishirini. Anamsaidia baba yake, Mzee Bashir, dukani. Duka la nguo hilo, la familia ya watu waliotoka pwani zamani za babu. Ila nguo zenyewe zimekwisha. Kazi ya Sadiq ni kupangusa vumbi kwenye rafu tupu.

Siku hiyo dada yake, Mwanawetu, alikuwa na homa. Akamtuma Sadiq amchukulie binti yake nasari. Sadiq akafika mapema, na mvua ikamfungia humo ndani. Si mvua ya mchezo. Radi zilipiga, bati likanguruma, na watoto ishirini na wawili wakaangua kilio kwa pamoja. Mwalimu alikuwa mmoja tu. Msaidizi wake alikuwa amekimbilia Nairobi mwezi uliotangulia.

Sadiq hakujua afanye nini. Akaketi sakafuni. Akaanza kugonga sakafu kwa ncha za vidole, tiki tiki tiki, kama mvua inayoanza. Mtoto mmoja akanyamaza, akagonga naye. Wa pili akafuata. Radi ilipopiga, Sadiq akapiga sakafu kwa ngumi, puu! Watoto wakapiga puu! Baada ya dakika chache walikuwa wanaiomba radi irudi.

Yule mwalimu alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko akimtazama. Jina lake Bibiane. Mama wa Kikongo, mnene, mwenye sauti ya kengele. Alikuja Kampala kama mkimbizi miaka ya sitini, na ualimu wa watoto wadogo alijifunzia kwao, kwa masista. Kiswahili chake kilikuwa cha kwao hasa.

"Weye unafanyaga kazi gani?" akamwuliza.

"Niko dukani kwa baba."

"Duka iko na bitu?"

"Hapana, mama. Havipo."

"Basi kesho ukuye."

Hivyo ndivyo Sadiq alivyoanza kujifunza kazi, wasikilizaji wapendwa. Hakujaza fomu wala hakuulizwa maswali zaidi ya hayo. Alipewa miaka miwili chini ya mkono wa Mama Bibiane, na mwishoni mama huyo ndiye angeamua kama atamkabidhi darasa au atamrudisha kwenye vumbi la dukani.

Nyumbani habari ilipokelewaje? Mwanawetu anakumbuka vizuri. Ameniambia hivi: "Baba alikuwa anakula. Akaweka tonge chini. Akasema, nimekusomesha Kurani, nimekusomesha hesabu, ukapanguse makamasi ya watu? Sadiq akamjibu, baba, mtu wa kuyapangusa lazima awepo. Mimi nikatoka nje nikacheka."

Baba hakucheka. Kwa miezi mingi hakuutaja mtaa ilipo ile nasari. Wateja wakimwuliza mwanawe yuko wapi, alijibu kwamba anasoma.

Na kweli alikuwa anasoma, ila si kama alivyodhani. Mwezi wa kwanza hakuruhusiwa kufundisha neno. Kazi yake ilikuwa kuketi, kuwatazama watoto, na kuandika. Mtoto mmoja kwa siku, katika daftari. Jioni Mama Bibiane alilisoma, kalamu nyekundu mkononi.

Siku moja Sadiq aliandika kwamba mtoto fulani ni mvivu. Mama akalikata neno lile kwa mstari mwekundu.

"Weye uliona uvivu? Uvivu iko na rangi gani?"

"Hauna rangi, mama."

"Basi andika byenye macho yako iliona."

Sadiq akaandika upya: mtoto ameshika kijiti, hakukitia kwenye mchanga, alikuwa anamtazama mwenzake. Alipomaliza kuandika akaelewa. Mtoto hakuwa mvivu. Alikuwa anangoja kuitwa. Kesho yake Sadiq akamwita, na yule mtoto akachimba mchanga mpaka saa ya uji.

Uji wenyewe haukuwa na sukari, bila shaka. Sadiq alijifunza kuponda ndizi mbivu na kuzikoroga ndani. Chaki zilipokosekana waliandika kwa mkaa. Mpira walisuka kwa maganda makavu ya mgomba. Alijifunza kulaza watoto sita mchana bila kumwamsha wa kwanza. Alijifunza kukaa saa nzima mtoto amelalia mkono wake, mkono umekufa ganzi, asiuondoe. Mwanawetu anasema alirudi nyumbani kila siku na uji kwenye shati na wimbo mdomoni.

Sasa, katika yote aliyofundishwa, kulikuwa na sheria moja ambayo Mama Bibiane hakuilegeza kwa mtu yeyote. Mzazi hatoroki. Mzazi akimleta mtoto, anamuaga, hata kama mtoto atalia.

"Mutoto mwenye banamukimbia," alisema, "anachunga mulango siku muzima. Hacheze, hajifunze. Anachunga tu mulango."

Sheria hiyo ndiyo iliyomfikisha Sadiq mbele ya Kapteni.

Ilikuwa Jumatatu, Januari ya sabini na sita. Gari la jeshi likasimama nje. Mnakumbuka, jeshi lilikuwa limekaa Lubiri, jumba la Kabaka huko Mengo, hatua chache tu kutoka hapo, na gari la namna ile likisimama mlangoni kwako, moyo nao unasimama. Akashuka Kapteni Ojara, Mwacholi mrefu, sare imepigwa pasi. Mkononi ameshika binti wa miaka minne, Adyero. Akamsukuma ndani taratibu. Mtoto akaona vibao vya kujengea, akainama kuvigusa. Kapteni akageuka na kutoka haraka.

Adyero akainua kichwa. Baba hayupo. Alitoa ukelele ambao, wanasema, ulimfanya fundi viatu wa ng'ambo ya barabara aangushe nyundo.

Mama Bibiane alikuwa jikoni. Sadiq akasimama, akatoka nje.

"Afande."

Kapteni alikuwa ameshika mlango wa gari. "Nini?"

"Hujamuaga mtoto."

Mwanawetu alikuwa hapo barazani na binti yake. "Niliona kaka yangu amekwisha," ananiambia. "Nilianza kuwaza nitamwambiaje baba."

"Wewe iko nani?" Kapteni akauliza.

"Mimi ninajifunza ualimu hapa, Afande."

"Mwanafunzi. Na mwanafunzi iko napa mimi amri?"

"Si amri yangu, Afande. Ni sheria ya nasari. Kila mzazi anaaga." Hakuondoka pale. "Usipomuaga, atakaa mlangoni mpaka jioni."

Ndani, Adyero bado analia. Kapteni akatazama saa yake, akatazama mlango. Akina mama barazani walikuwa wamewakumbatia watoto wao. Kisha Kapteni akauliza swali ambalo hakuna aliyelitarajia.

"Naaga namna gani?"

"Unapiga magoti, Afande, macho yako yawe sawa na yake. Unamwambia unakwenda wapi na utarudi saa ngapi. Halafu unakwenda kweli. Na unarudi kweli."

"Napiga magoti?"

"Ndiyo, Afande."

Kapteni akavua kofia, akamkabidhi Sadiq. Akaingia ndani, akapiga magoti kwenye sakafu ya simenti, akaongea na binti yake kwa Kiacholi. Kilio kikapungua. Mtoto akauliza kitu. Kapteni akageuza shingo.

"Yeye nauliza kama wewe takaa hapa mpaka mimi narudi."

"Nitakaa," akasema Sadiq.

Kapteni akamwambia mtoto, akasimama, akaondoka. Safari hii mtoto alipunga mkono. Gari likatoka. Na hapo Sadiq akatazama mikono yake, akaona bado ameshika kofia ya Kapteni wa jeshi!

Hakuwa na la kufanya. Alisimama nayo kama mtu aliyepewa nyoka amshikie. Baada ya dakika mbili gari likarudi mbio, Kapteni akaruka nje, akaingia kuchukua kofia. Adyero alipomwona akapiga makofi kwa furaha. Baba amerudi! Amesema atarudi na amerudi! Kapteni akamtazama Sadiq. Sadiq akatazama sakafu. Na Kapteni Ojara, injini ya gari ikinguruma nje, akavua kofia, akapiga magoti, akaaga upya.

Sadiq akaingia jikoni. Mama Bibiane alikuwa ameona kila kitu dirishani. Alikuwa ameegemea ukuta, mwiko mkononi, anacheka mpaka machozi yanamtoka, na uji unaungua. Alipopata pumzi akasema, "Kuanzia kesho, batoto badogo beko bako." Miaka miwili haijatimia, na alikuwa amekabidhiwa darasa.

Kwa mwaka mzima Kapteni alipiga magoti kila asubuhi. Wazazi wengine wakazoea. Na Mzee Bashir, alipousikia mkasa ule sokoni kutoka kwa watu baki, alikuja nasari mwenyewe na kanzu yake nyeupe. Alisema anapita tu. Alikaa sakafuni saa mbili, watoto wanamkwea mabegani. Tangu siku hiyo, mteja akimwuliza mwanawe yuko wapi, alijibu, "Ni mwalimu. Hukusikia habari za kofia?"

Wasikilizaji wapendwa, miaka ile haikuwa ya kicheko peke yake. Mwanzoni mwa sabini na saba, Waacholi wengi jeshini walianza kukamatwa na kutoweka. Asubuhi moja Kapteni Ojara alipiga magoti, akamwambia binti yake atarudi saa saba. Saa saba ikapita. Saa tisa ikapita. Watoto wote wakachukuliwa. Mama Bibiane akamwambia Sadiq aende nyumbani, yeye atabaki. Sadiq akakataa. Alikuwa amesema atakaa, akakaa. Yeye na Adyero walijenga mnara kwa vibao, wakaubomoa, wakaujenga. Jua lilipokuwa linazama mama yake Adyero akaja kwa miguu, akamchukua mwanawe. Siku ya tatu walikuwa njiani kwenda kaskazini.

Kapteni hakuonekana tena.

Adyero alirudi Kampala ukubwani; leo ni mkunga, na ana wajukuu. Alikuja mazishini. Nilimwuliza anakumbuka nini. Akasema: "Wengi wa rika langu hawajui neno la mwisho la baba zao. Mimi ninalijua. Aliniaga akiwa amepiga magoti, na mimi nikamuaga. Hakunidanganya. Alizuiwa. Mwalimu Sadiq ndiye aliyenipa hilo, na mimi nilimletea wanangu wote wawili awalee."

Mama Bibiane naye alizeekea hapa hapa Kampala, na hadi siku zake za mwisho Sadiq alimpelekea daftari ili amkatie maneno mabaya kwa kalamu nyekundu. Sadiq akawafundisha vijana wengine kazi ile ile, wasichana na wavulana. Wa kwanza kumcheka walipeleka watoto wao kwake.

Tulimzika Jumatano. Walikuja madereva, mawakili, wauza mboga, askari mmoja wa trafiki aliyelia waziwazi. Imamu alipouliza ni nani wanafunzi wa marehemu, karibu umati wote uliinua mikono, na watu wakacheka makaburini. Mwanawetu alisema, "Acheni wacheke. Hii ndiyo sauti aliyoizoea."

Kwa mjane wake, Bi Sabah, kwa Bi Mwanawetu, kwa watoto na wajukuu, tunasema poleni sana. Mungu amrehemu Sadiq bin Bashir, mwalimu wa nasari, na awape ninyi subira.

Na wewe unayenisikiliza, nina ombi moja. Kuna mtu aliyekupokea siku ya kwanza ulipotoka mikononi mwa mama yako. Alikufunga kamba za viatu, alikufuta machozi, alilijua jina lako kabla hujajua kuliandika. Huenda yu hai, mtaa wa pili tu kutoka kwako. Huenda hajui kama unamkumbuka.

Jina lake nani? Litaje kwa sauti, hapo hapo ulipo, waliokaa nawe walisikie. Mimi nitanyamaza nusu dakika. Haya, ni zamu yako.