Korosho za Kwenye Bati na Benchi la Macho

Ndugu zangu wa Ruponda, Bwana apewe sifa kabla sijapotea njia, maana mnanijua nikishika kipaza sauti.

Nilipokuwa mdogo tulichoma korosho kwenye bati bovu nyuma ya nyumba. Korosho ikipata moto hutema mafuta, na mafuta yale huwaka. Siku moja yalinirukia usoni. Nyusi ziliungua, ngozi ikabanduka. Mama akasema, "Jicho limebaki, mshukuru Mungu." Mama yangu alijua kupika mbaazi, lakini hilo silo lililonisimamisha hapa.

Kisukari nimekaa nacho miaka mingi. Juzijuzi nikaanza kuona nyuzi nyeusi zinaelea, hata korosho nzima na mbovu nikawa nazitenga kwa vidole. Daktari akasema mishipa ya nyuma ya jicho inavuja damu, wataichoma kwa mwanga wa leza. Kilichopotea huenda kisirudi, ila kilichobaki kitalindwa. Nikiacha, naweza kupofuka. Mimi nilisikia neno moja tu: kuchoma. Ndugu zangu, niliogopa! Barua ya rufaa niliilalia chini ya godoro miezi mitatu, nikimwomba Mungu aniponye bila moto.

Nilipokwenda hospitali, nilimkuta kwenye benchi la wagonjwa wa macho Mzee Saidi wa Mandawa, rafiki yangu tangu tukiuza ufuta. Naye kisukari, naye macho. Nikamsimulia lile bati. Hapo ndipo nilipokosea. Akawa anashikashika nyusi zake.

Wakamwita yeye kwanza. Akavaa kofia, akaniambia, "Petro, natoka kidogo. Tangulia wewe, umezoea kuungua."

Wakaniita mimi. Nikasema, Bwana, nishike hata nguo. Wakanitia matone, nikaweka kidevu kwenye mashine. Mwanga wa kijani ukapiga, ukapiga tena, ukichomachoma kwa ndani kama ncha ya sindano. Hakuna mafuta yaliyoruka. Leo nyuso zenu naziona, japo giza likiingia najikwaa. Asante Yesu! Nawe mwenye barua chini ya godoro, itoe. Kwenye kiti kile hutakaa peke yako.

Siku ile nilitoka macho yamejaa ukungu, nikaita, "Saidi! Siyo kama bati!" Aliyejibu ni mlinzi. Alisema mzee mwenye kofia alishapita getini, wala hakugeuka. Nimerudi kwenye benchi lile mara nne. Yeye hajarudi.