Mkono wa Bi Somoe

Assalamu alaykum jamaa wa Mikindani, na nyinyi kina mama mliotoka Msimbati alfajiri, mnaonisikia huko ndani kwa kipaza sauti, mimi ni Hemedi Thabiti, mdogo wake marehemu, familia imenituma niwasomee maisha ya dada yangu, Bi Somoe Thabiti, na nitasoma polepole makusudi, sababu mtaisikia.

Alizaliwa hapa hapa Mikindani tarehe 14 Juni 1966, akamaliza shule ya msingi mwaka 1980, akaendelea na sekondari Mtwara mjini, kisha chuo cha uuguzi, akahitimu mwaka 1988, na tangu utoto alikuwa mkali wa usafi, sisi wadogo zake alitusugua masikio mpaka tukawa tunamkimbia.

Mwaka 1996 aliajiriwa na Wakala wa Taifa wa Afya na Uzazi wa Mpango, akapangiwa vijiji vya pwani hadi mdomo wa Ruvuma, ambako kina mama walivikataa katakata vijiti vya kupanga uzazi, vile vinavyowekwa chini ya ngozi ya mkono, kwa kuwa wao walizoea kamba ya kiunoni iliyofungwa na bibi, na mkono uliofunga ndio huo huo unaofungua, akifungua mwingine mwanamke hubaki amefungwa. Dada akawaambia haya, nitakayemwekea mimi nitamtolea mimi, wakakubali.

Mabosi wakamgombeza wee kwa ahadi hiyo, mwishowe mwaka 2012 wakamrudisha ofisini Mtwara, na kule vijijini akapelekwa muuguzi kijana, Erasto, hodari kwelikweli, akavitoa vile vijiti vizuri tu, lakini wanawake wale hawakushika mimba mpaka walipokuja mjini, Bi Somoe akawagusa penye kovu. Wataalamu walisema imetokea tu, nami nilisema imetokea tu, tena nikacheka, lakini leo sicheki.

Aliolewa na Bwana Nassoro Chitanda tarehe 5 Desemba 1992, ambaye ametangulia mbele ya haki, wakajaaliwa mtoto mmoja, Mwasiti, aliyezaliwa tarehe 2 Septemba 1997. Mwasiti alipokwenda kusoma Dodoma mwaka 2019 mama yake alimwekea kijiti kwa mkono wake, na alipoolewa mwaka 2021 akatolewa na muuguzi mwingine huko huko Dodoma, msomi bwana, mambo ya Msimbati aliyaona ya kizamani, mama akaudhika, akaapa hatamgusa mpaka aje aombe mwenyewe, na ukaidi wa nyumba yetu mnaujua. Miaka ikapita, mtoto hakupatikana, na hakuna aliyempigia mwenzake simu.

Tarehe 9 Februari mwaka huu wa 2025 dada alipata kiharusi, ulimi ukafungwa, mkono wa kulia ukakunjika ngumi, madaktari wakajaribu kuunyoosha wakashindwa, wakandaji wakashindwa. Mwasiti akaja mbio, akapiga magoti, akaomba msamaha, akaliegemeza kovu lake kwenye ile ngumi kila asubuhi, isifunguke, mama akimtazama tu machozi yakimtoka. Alifariki jana, Jumanne tarehe 11 Novemba, na ngumi yake vile vile.

Sasa ndugu zangu, tangu asubuhi mnauliza kwa nini maiti haitoki. Alipokuwa anaoshwa, Mwasiti akimmiminia maji, ngumi ile ilifunguka yenyewe, vidole vikamshika mwanawe mkono, pale pale penye kovu, vikajifunga tena, na mpaka ninapowasomea hivi havijaachia. Sheikh amesema vidole vya maiti havivunjwi. Kina mama wa Msimbati wanasema niache, anamfungua, kazi yake anaimaliza, waoshaji wanasema hapana, anataka kwenda naye, na Mwasiti mwenyewe ameketi kando ya mama yake, halii, wala hataki aguswe. Mimi sijui, wallahi naogopa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, wafanyakazi wenzake wa Wakala, majirani mliopika na kuchota maji, na bwana Erasto aliyekuja kumwona kila Ijumaa.

Na wewe dada Somoe, kama bado unanisikia, amekwisha kuomba, sote ni mashahidi, jua linakwenda na kaburi liko wazi, mwachie mtoto, mama wee, mwachie, kisha upumzike kwa amani.