Bega la Kushoto Lilikuwa Langu

Dai langu ni moja, nami nalitamka kabla ya salamu ili asitokee wa kusema kwamba nililichomeka katikati ya vicheko: bega la kushoto la Meja tuliyemshuhudia akivishwa cheo leo asubuhi lilikuwa langu, na limepewa mtu mwingine.

Baada ya kulitamka, sasa nasalimu kwa utaratibu. Mheshimiwa Brigedia, mgeni wetu rasmi, Kamanda wa Kikosi, maofisa na askari wa vyeo vyote, ndugu wageni waalikwa, mama yangu mzazi, uliyeketi safu ya mbele na mkoba magotini kana kwamba gari linakaribia kuondoka, shangazi, dada, na wewe Sajini mstaafu, uliyeketi meza moja na familia yetu, kwenye kiti ambacho kadi yake niliiandika kwa mkono wangu huu: habari za mchana.

Kwa wageni walioingia kambini leo kwa mara ya kwanza, naomba nieleze kinachobishaniwa. Katika kikosi hiki cheo kipya huvishwa na watu wawili. Bega la kulia ni la Kamanda, na hilo halina mjadala. Bega la kushoto ni la mtu ambaye afisa mwenyewe humchagua, yule anayeamini kwamba pasipo yeye asingefika hapo alipo. Wengi huchagua mama zao. Mama yetu alijitoa mapema, akisema mikono yake siku hizi inatetemeka na hataki kumchoma mwanawe mbele ya Brigedia. Wengine huchagua wake zao. Kaka yangu hana mke, jambo ambalo shangazi amelizungumzia vya kutosha tangu saa nne asubuhi. Nawauliza, ndugu wageni: alibaki nani?

Mimi nilijua amebaki nani. Kwa wiki tatu nilisubiri simu. Nilikwenda kwa kinyozi kabla ya wakati. Nilisimama mbele ya kioo cha kabati, nikakivalisha kiti shati langu, nikajizoeza kufunga kifungo cha begani kwa mkono mmoja bila kutazama, mpaka dada akanichungulia mlangoni akauliza kama kiti kile kimepandishwa cheo. Kisha simu ikaja.

"Mdogo wangu," kaka akasema, "nina kazi yako siku ya sherehe."

"Naisubiri," nikasema.

"Utatoa neno la familia. Dakika saba. Usianze na vitabu vyako."

"Na bega la kushoto?"

"La Sajini."

"Sajini gani?"

"Kwani mimi nina masajini wangapi?"

Nilimpelekea mama shitaka langu akiwa anakunja nguo. Hakuacha kukunja. "Wewe Mungu kakupa maneno," akasema, "mwenzako kampa mabega. Sasa unataka vyote?" Nikamwambia nataka bega moja tu. Akanipa soksi nizitafutie wenzake, akasema, "Basi kaandike."

Nimeandika. Na katika kuandika nimelazimika kumchunguza mtu aliyelichukua bega hilo, kwa sababu mimi nimesomea historia, na mwanahistoria hamhukumu mtu kwa kumtazama kofia. Nilihitimu miaka miwili iliyopita, katika daraja la kwanza. Nalitaja hilo mwenyewe kwa kuwa tangu asubuhi hakuna mwingine aliyelitaja.

Sajini huyu, ambaye makuruta wake walimpa jina la Kengele kwa sababu ya sauti yake, aliingia nyumbani kwetu kabla hajafika. Kaka alipoondoka kwenda kuwa kuruta, mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na baba yetu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Barua za kaka zilikuja, nami ndiye niliyekuwa msomaji, kwa kuwa mama alipenda kuzisikia huku mikono yake ikiwa kazini. Kila barua ilikuwa na Sajini. Sajini anasema kiatu kichafu ni salamu mbaya. Sajini anasema shuka lisilonyooka ni akili isiyonyooka. Haukupita mwezi mama akaanza kusema, "Sajini anasema," akinionyesha shuka langu. Mtu ambaye hakuwahi kukanyaga kizingiti chetu alikuwa amepewa mamlaka juu ya kitanda changu. Katika barua moja nilihesabu: Sajini ametajwa mara tisa. Mimi nimetajwa mara moja, mwishoni, kwenye salamu, baada ya jirani.

Nilipohitimu, kaka alikuwa mpakani kikazi. Hakuweza kuja, na kwa hilo simlaumu. Ninalomlaumu nalo ni kwamba alimtuma Sajini badala yake. Alikuja na koti lililopigwa pasi hadi likasimama lenyewe, akakaa juani saa tatu bila kuegemea kiti, ameshika shada la maua kama mtu aliyekabidhiwa silaha asiyoijua. Tulipojipanga kupiga picha, mpiga picha akaniuliza, "Huyu mzee ndiye baba?" Nikajibu, "Hapana, huyo ni mgeni." Nilisema kwa sauti, nikikusudia asikie. Alisikia. Akatoka kwenye picha hatua mbili kinyumenyume, sawasawa kama kwenye gwaride. Picha hiyo ipo ukutani kwetu, na kila ninapoitazama naiona nafasi aliyoiacha.

Mtaani wanasema mwenye wivu ajinyonge. Mimi nimeona ni nafuu nihutubie.

Sasa nifike kwenye hotuba yenyewe. Kwa utaratibu wa kambi hii, raia atakayezungumza hukabidhi maandishi yake kwa Mnadhimu siku tatu kabla. Niliyakabidhi. Yalikuwa maandishi mazuri, yenye sifa nyingi, baadhi yake za kweli. Mnadhimu aliyapiga muhuri na kunipongeza kwa ufupi wangu. Mheshimiwa Mnadhimu, nakuona unafungua faili. Usihangaike kutafuta mstari tuliofikia, kwa sababu hautauona. Yale niliyaandika kabla sijaenda kwa Sajini. Haya ni ya baadaye.

Nilikwenda kwake juzi, mchana, kwenye kibanda chake cha kushona viatu nyuma ya ghala la mbao. Nilikwenda kukusanya ushahidi dhidi yake. Nilikuwa na daftari.

"Wewe ndiye msomi," akasema bila kuinua macho.

"Ndimi."

"Kiatu chako cha kulia kinacheka. Vua."

Nikavua. Sikuweza kukataa, na walio hapa waliopitia mikononi mwake wanajua kwa nini. Basi mhoji akasimama kwa mguu mmoja, soksi ina tundu, akaanza kumhoji mhojiwa aliyeketi raha mustarehe na sindano yake.

"Mzee, naomba uniambie ulimfanyia nini kaka yangu ambacho sisi nyumbani hatukumfanyia."

"Nilimpigia kelele."

"Hicho tu?"

Akafikiri. "Nilimpigia kelele sana."

Nikaandika. Kisha nikamuuliza swali nililolitayarisha usiku na mchana: ilikuwaje kijana aliyekuwa akilia akikosa uji wa asubuhi akabaki jeshini miaka kumi na minne? Nilitarajia ajisifu. Nilimwombea ajisifu, kwa kuwa mtu anayejisifu hushindwa kesi upesi. Badala yake akaiweka chini sindano, akacheka peke yake kwanza, ndipo akaniambia.

"Wiki ya sita alinijia na begi lake. Anataka kwenda nyumbani. Nikamwambia lango lile pale, jeshi si gereza, nenda. Nilishachoka naye. Akakaa juu ya begi. Nikampa muda, bado kakaa. Nikamuuliza, kuruta, unangoja nini, ubebwe? Akatoa barua mfukoni. Akaniambia, Sajini, siwezi kurudi. Sina kitanda."

Alicheka mpaka akajifuta macho kwa kitambaa cha rangi ya viatu. Mimi sikucheka. Barua ile nilikuwa naijua, kwa sababu niliiandika mimi, na mpaka leo naikumbuka yote. Ilisema hivi:

"Kaka, hujambo. Mimi sijambo. Kitanda chako nimekichukua. Mto pia. Mama amekubali. Ukirudi utalala sakafuni karibu na mlango pale panapopita upepo. Usirudi. Ni mimi mdogo wako."

Mama, naona unanitazama. Ni kweli, hukukubali. Hukuulizwa. Nililiandika jina lako kama shahidi wa uongo, na unalisikia leo kwa mara ya kwanza, mbele ya Brigedia, mahali ambapo huwezi kunifinya.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi nilikilalia kile cha kaka, na kunguni wake namjua kwa jina: ni wivu, na ameniuma miaka kumi na minne. Lakini tuupime ushahidi, ndugu wageni, kama watu wazima. Shahidi anayeaminika kuliko wote ni yule ambaye maneno yake yanamdhuru mwenyewe. Sajini, kwa kinywa chake, amekiri kwamba yeye alilifungua lango na kumwambia kijana aende zake. Mimi, kwa kinywa changu, nakiri kwamba niliufunga mlango wa nyumbani. Aliyelifungua lango amepewa heshima ya kuwa ndiye aliyembakiza. Aliyeufunga mlango amepewa kipaza sauti na dakika saba. Je, hiyo ni haki?

Nazijua hoja mtakazonijibu, kwa maana nimejibishana nazo njia nzima. Mtasema: hukuiandika barua ile kwa mapenzi, uliiandika kwa choyo. Nakubali, ilikuwa choyo. Lakini jiwe lililomzuia mtu asiporomoke, je, huulizwa kwanza kama lilimpenda? Mtasema tena: barua ilimbakiza siku moja, Sajini alimlea siku zote zilizofuata.

Hoja hiyo ya pili, nasema kweli, sina jibu lake. Nilikuwa nalo mpaka leo saa tano asubuhi. Nilikuwa nimesimama kule nyuma ya kamba pamoja na familia nyingine, nikaiona mikono ya mzee huyu, yenye weusi wa rangi ya viatu usiotoka hata kwa sabuni, ikipanda kwenye bega la kaka yangu. Kifungo nilichojizoeza nacho wiki tatu, yeye alikifunga kwa pumzi moja, wala hakukitazama. Alikuwa akimtazama kaka usoni. Na kaka, ambaye mbele ya Kamanda alikodoa macho kama kanuni inavyotaka, mbele ya Sajini aliyafumba. Kwa nukta moja tu. Huenda nyinyi hamkuona. Mwenye wivu huona vizuri kuliko wote uwanjani.

Sijawahi kufumbiwa macho namna ile na ndugu yangu. Nimesema.

Sajini, miaka miwili iliyopita nilikuita mgeni. Neno hilo nalifuta leo mbele ya mashahidi wengi kuliko waliolisikia, na picha nyingine itapigwa leo hii, nawe hutarudi nyuma hata nusu hatua. Viatu nilivyosimama navyo hapa umevishona wewe, na sina budi kukiri kwamba havicheki tena. Lakini msamaha ni kitu kimoja na dai ni kitu kingine. Neno nimelifuta. Dai silifuti.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo lililonifanya niyaache maandishi yaliyopigwa muhuri. Siku ile kibandani, nilipokuwa nikikaza kamba za viatu, nilimuuliza Sajini kama kaka aliitupa barua ile. Akanijibu, "Nilimwamuru aichane. Ndiyo amri pekee ambayo yule kijana aliwahi kunikatalia. Mengine muulize mwenyewe."

Basi naja kumuuliza mwenyewe.

Mheshimiwa Brigedia, Kamanda, maofisa na askari, ndugu wageni waalikwa, mmenivumilia zaidi ya muda niliopewa, na kwa uvumilivu huo nawashukuru nyote kwa heshima zote. Nimekwisha kusema, sasa ni zamu yangu kusikiliza, na siketi mpaka nisikie.

Meja, kaka yangu, simama. Usinijibu kesho kwa simu, wala usinitumie jibu kupitia kwa mama, wala usinijibu tukiwa wawili jikoni ambako hushinda kila mara kwa kunitania. Mbele ya watu ulichagua, mbele ya watu ujibu. Barua ile unayo au huna? Na kama unayo, ikiwa miaka kumi na minne umeibeba, kwa nini bega halikuwa langu? Jibu kwa ile sauti aliyokufundisha Sajini, ili hata walioketi nyuma kabisa wasikie.