Modest Masolwa, Mpole kwa Nyuki

Mzee wetu Modest Masolwa alizaliwa tarehe 14 Agosti 1957 huko Bukene, Wilaya ya Nzega, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Samweli Masolwa na mama Leonia. Alisoma shule ya msingi hapo hapo Bukene na kumaliza darasa la saba mwaka 1972. Walimu walimsifu kwa hesabu na kulalamikia ngumi zake.

Mwaka 1974 baba yake mdogo, mzee Shilinde, alimchukua porini kumfundisha kurina asali, kazi aliyoifanya maisha yake yote. Mbele ya mzinga alikuwa mtu mwingine kabisa: mkono taratibu, pumzi taratibu, hata nyuki akimtambalia shavuni. Lakini nyumbani chai ikipoa kidogo tu, jirani wa nyumba ya tatu alipata habari.

Tarehe 6 Novemba 1982 alifunga ndoa na mama Consolatha mjini Tabora. Waliishi Chemchem na kujaliwa watoto wanne. Mama alizoea kumwambia, "Baba Vedasto, leo jifanye mimi ni mzinga." Alicheka, mara nyingine.

Kuna jambo ambalo marehemu mwenyewe aliagiza lisemwe hapa, na familia inalisema kwa aibu. Mwaka 2011, yeye na wenzake wakiwa kambini porini kurina, nyuki walicharuka na kuwauma warina asali wote. Marehemu alimgeukia mwanawe wa kwanza, Vedasto, akidai ameogea sabuni ya manukato, jambo ambalo ni mwiko kambini. Alimtukana mbele ya wazee na kumfukuza. Vedasto alihamia Mwanza na hakurina tena.

Ukweli ni kwamba asubuhi ile marehemu, akiwa amekasirishwa na kuni mbichi zisizowaka, alimponda nyuki shingoni mwake kwa kofi. Kila mrina asali anajua kuwa nyuki akipondwa, harufu yake huwachokoza wenzake. Marehemu alilitambua kosa lake siku ile ile, lakini aliona haya kulisema.

Mwezi Machi 2025 alianza kuvimba miguu, na madaktari wakasema ni moyo. Vedasto alipokuja kumwona hospitalini, baba yake alimweleza yote huku akilia.

"Nyuki niliwaheshimu kwa sababu wanauma, mwanangu. Ninyi hamkuuma."

Vedasto akamjibu, "Baba, nilikuona ukimpiga yule nyuki. Nilinyamaza ili wazee wasikucheke."

Marehemu alijifunika shuka usoni.

Alifariki alfajiri ya tarehe 9 Juni 2025, Vedasto akiwa amemshika mkono. Ameacha mjane, mama Consolatha. Ameacha pia watoto Vedasto, Apolinaria, Sylvester na Advera, pamoja na wajukuu.

Bwana amsamehe kama mwanawe alivyomsamehe, na ampumzishe kwa amani.