Fundi wa Pili kwa Chumba cha Chini

Mgeni rasmi, karibu katika karakana yetu. Viti tumeazima, furaha ni yetu wenyewe.

TULIKOTOKA
Miaka kumi na mmoja iliyopita tulikuwa wakusanyaji wa karatasi zilizotupwa maofisini. Aliyetuonyesha kwamba karatasi chafu ina nyuzi ndogo mno, zisizoonekana kwa macho, ni fundi wetu wa maabara, tunayemwita Mama Rojo. Hulowesha karatasi, huondoa wino, huzipitisha kwenye asidi, husuuza tena na tena mpaka libaki rojo jeupe linalong'aa.

MAFANIKIO
Rojo hilo kidogo tu likichanganywa na karatasi dhaifu, boksi tunalotengeneza hubeba mzigo bila kubonyea. Sisi wanane wa juu tunakata, tunakunja, tunauza, tunapigwa picha. Yeye yuko chumba cha chini, kwenye maabara, peke yake.

CHANGAMOTO
Mgeni rasmi, tungeweza kulalamikia umeme. Tutasema lililotokea. Mwezi uliopita Mama Rojo aliteleza, akateguka kifundo cha mguu. Ilikuwa asubuhi. Tulimkuta alasiri, tuliposhusha magunia. Muda wote huo tulikuwa juu yake, tukicheka.

"Mama, mbona hukuita?"

"Niliita," akasema. "Halafu nikaona niache, nisiwasumbue."

Hakulia. Sisi ndio tuliokosa pa kuficha nyuso. Alirudi kazini akichechemea, maana hakuna mwingine anayeijua kazi ile. Siku hizi tunashuka kwa zamu kumjulia hali, lakini hatuelewi anachofanya. Tunasimama mlangoni, tunasema "pole na kazi", tunapanda.

OMBI
Tulipoandika risala hii tulimuuliza tumwombee nini. Akasema, "Andikeni mashine ya kusagia rojo."

"Na wewe mwenyewe je?"

Akafuta meza iliyokwisha kufutwa.

"Mtu wa kuniambia nimekosea vipimo," akasema. "Miaka kumi na mmoja hakuna aliyenibishia."

Mgeni rasmi, mashine itasubiri. Tunaomba fundi wa pili, aliyeisomea kazi hiyo.

Mama Rojo hayupo hapa juu nasi. Rojo likishaanza kusuuzwa haliachwi. Kabla hujaondoka, tafadhali shuka ngazi umsalimie. Gonga mlango kwa nguvu, asikie kuna mtu.

Mungu akubariki, akurudishe kwako salama, ukute watu wanakungoja.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Karakana ya Karatasi, juu na chini.