Fundi Geresoni Mwaisumo na Lori la Thelathini na Nne

14 Machi 1949 – 20 Aprili 2005

Wasifu huu umeandikwa na kusomwa na mdogo wake, Tupokigwe, kwa niaba ya familia. Mpuguso, Jumamosi, 23 Aprili 2005.

Mchungaji, ndugu, majirani, na ninyi madereva mlioegesha malori mpaka barabara haipitiki: poleni kwa msiba. Familia imenipa kazi hii kwa sababu mimi ndiye niliyegombana na marehemu kuliko wote, kwa hiyo ndiye ninayemjua.

Geresoni Andrea Mwaisumo alizaliwa tarehe 14 Machi 1949 hapa Mpuguso, mtoto wa kwanza kati ya sita wa Mzee Andrea Mwaisumo na mama yetu Lusungu, ambao wote wametangulia mbele za haki. Mama alizoea kusema kwamba siku hiyo mvua ilinyesha sana. Kwetu Rungwe habari hiyo haimsaidii mtu kukumbuka siku, lakini aliisema kila mwaka.

Alisoma hapa hapa nyumbani kuanzia 1957 hadi 1964, alipomaliza darasa la nane. Mwalimu alimpa karabai aisafishe, naye akaifungua yote, akairudishia, na skrubu moja ikabaki mkononi. Karabai iliwaka vizuri. Mwalimu hakuambiwa.

Mwaka 1966 aliajiriwa kwenye gereji ya shamba la chai, akajifunza injini za dizeli kwa miaka kumi na tisa. Tarehe 7 Julai 1973 alifunga ndoa na Tusekile, aliyeimba sauti ya kwanza katika kwaya ya kanisa letu. Sisi mawifi tulisema binti anacheka mno. Tulikosea, na leo naomba radhi mbele ya watu.

Mwaka 1985, watu binafsi walipoanza kuleta malori yaliyotumika, marehemu alifungua gereji yake Tukuyu mjini. Malori yale yalikuja na skrubu kwenye pampu ya dizeli, imefungwa kiwandani kwa sili, kimuhuri cha madini ya risasi, ili dizeli isizidi. Madereva wetu, wenye ndizi na viazi na milima mbele yao, hawakutaka kusikia habari ya sili. Marehemu aliikata, akazungusha skrubu, akaondoa na sailensa. Gari likapanda kwa kishindo na moshi mweusi, na dereva akaondoka amefurahi. Siku zile lori lisilo na moshi lilihesabiwa kuwa gonjwa. Kwa mkono wake mwenyewe alifungua pampu za malori thelathini na nne.

Juni 1988 Mzee Nsajigwa, mwenyekiti wa kwaya, alimpelekea lori la kanisa na kikaratasi kilichoandikwa: "Gari la kwaya. Kazi: kutoa moshi." Mzee alitaka moshi uondolewe. Marehemu, ambaye kila mteja wake alitaka moshi utoke, alidhani hii ni kazi ile ile, tena ya kanisa, akaifanya kwa bidii ya pekee.

Jumapili tarehe 12 kwaya ilisafiri kwenda Suma, imesimama nyuma ya lori, imevaa kanzu nyeupe. Nilikuwamo. Tulishuka tukiwa weusi mpaka kwenye meno, na wenyeji wetu walituuliza kwa heshima kama tumepata ajali ya moto. Tuliporudi, Mzee Nsajigwa alikwenda moja kwa moja gereji.

"Gwe Geresoni, nilikwambia utoe moshi."

"Nimeutoa, mzee. Wote mmeuona."

Tulicheka juu ya jambo hilo miaka kumi na saba. Lakini nyumbani kwake jioni ile halikuwa la kuchekesha. Tusekile alikuwa amepoteza sauti, na ilichukua wiki tatu kurudi. Alimwambia mumewe kwa mnong'ono: "Baba Lugano, sisi tumeumeza siku moja. Wanaouza viazi pembeni mwa barabara kule Isongole wanaumeza kila siku, na ni wewe unayewapa."

Asubuhi marehemu alinijia na kuniambia atazifunga tena pampu za malori yote thelathini na nne, la kanisa likiwamo, hata kama itamchukua maisha yake.

Ilikaribia kumchukua kweli. Madereva walimwita Fundi Mfungaji, wakahamia gereji nyingine. Wapo hapa, wananiangalia. Nyumbani kwake chai ilinywewa kavu muda mrefu. Kisha pistoni za malori yale zilianza kuungua kwa dizeli kuzidi, mmoja mmoja akarudi, na kila aliyerudi alitengenezewa injini akafungiwa na pampu bila kuulizwa. Hadi mwaka 2003, alipoanza kuugua mapafu, alikuwa amefunga thelathini na tatu. La mwisho lilikuwa la dereva Lazaro, ambaye kwa miaka kumi na tano alikuwa akikata kona kila alipomwona marehemu barabarani.

Ugonjwa ulimzidi mwaka huu. Hospitalini walituambia mapafu yamechoka, tukamrudisha nyumbani. Hofu yake haikuwa kufa. Alihofia kufa lori moja likiwa wazi. Jumamosi tarehe 9 mwezi huu, Lazaro aliingiza lori uani.

"Fundi, wanasema unahesabu usingizini na unaishia thelathini na tatu. Nimeshindwa kulala mimi pia."

Marehemu alikaa barazani na blanketi, akielekeza. Bisibisi aliichukua Tusekile.

"Zungusha robo, Mama Lugano. Hiyo si robo, hiyo ni nusu."

"Basi inuka uzungushe mwenyewe."

Sili mpya aliibana yeye Tusekile, kwa koleo. Lazaro alipanda mlima wa hapo juu, akarudi.

"Linapanda?"

"Linapanda, fundi. Linachelewa, lakini linapanda."

Kaka yangu alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka sisi tukaogopa, naye akaendelea kucheka. Sijawahi kumpenda kama siku ile.

Alifariki Jumatano tarehe 20 Aprili, saa nne asubuhi, nyumbani, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na sita.

Ameacha mjane, Tusekile, watoto wanne, Lugano, Emmanuel, Winfrida na Anyitike, wajukuu saba, wadogo zake watano, na malori yake yote, yamefungwa. Ndaga fijo, asanteni sana, wote mliomuuguza.

Bwana ampumzishe fundi wetu. Sisi aliotuacha tunapumua.