Sumu na Maji ya Sukari

Ndani ya basi la London, mwaka 1977, Doreen alimlalamikia mama aliyeketi naye.

"Dada, binti yangu kapendana na yule mwanamuziki wa panki, ule muziki wa makelele na fujo, anayejiita Sumu! Anawatemea watu mate, kajitoboa shavu kwa pini!"

Mwenzake akacheka. "Huyo Neville, mwanangu. Pini imebanwa tu, damu anaiogopa. Hata nywele namsimamishia mimi kwa maji ya sukari. Nikichelewa, hapandi jukwaani."

Doreen, ambaye kichwani alishamwona bintiye akiishia jela, hakusadiki.

Basi likasimama. Kituoni, kijana mwenye nywele zilizomlalia usoni aliwakenulia abiria meno, akatema mate.

"Neville!" mama yake akaita akishuka. "Futa mdomo, unipokee kapu."

Sumu akafuta, akapokea. Doreen akashusha pumzi.